Kubadilisha bomba la risasi kwenye nyumba ya zamani Chicago

Huu ni mwongozo kwa Waswahili wenzangu wanaonunua nyumba za zamani hapa Chicago, maana kila mara naulizwa jinsi ya kubadilisha bomba la maji la risasi (lead, madini yenye sumu). Hadi 1986 kanuni za mji huu zilitaka nyumba ndogo ziingiziwe maji kwa bomba la risasi. Ndiyo maana yamebaki takribani 400,000, mengi kuliko mji wowote wa Marekani. Nyumba ikiwa ya kabla ya hapo, chukulia unalo mpaka uhakikishe.

1. Litambue. Shuka besimenti, tafuta bomba linapotokeza kabla ya mita, likwangue kwa sarafu. Risasi ni laini, inang'aa kifedha, na sumaku hainasi. Sumaku ikinasa, hilo ni la chuma. Sumaku ya friji inatosha, usinunue kifaa.

2. Jikinge kwanza. Piga 311, simu ya huduma za mji, uombe chupa za kupimia maji, ni bure. Nunua jagi la kuchuja lenye alama ya NSF/ANSI 53, kiwango cha ubora wa vichujio vya maji, na usome kama risasi imetajwa kwenye boksi, kwa sababu alama hiyo hutolewa kwa mambo mengi. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, risasi inabaki. Mwenye mtoto wa chupa asisubiri majibu ya kipimo.

3. Fundi. Awe na leseni, kibali akichukue yeye. Akikwambia "tubadilishe upande wako tu", yaani kipande cha kwako na cha upande wa barabara kibaki, tafuta mwingine. Shaba mpya ikiunganishwa na risasi kuukuu, risasi huliwa haraka zaidi, na mtikisiko wa kukata humwaga chembe ndani ya maji. Badilisha lote, kuanzia bomba kuu la barabarani hadi mita.

4. Uchimbaji. Kwa bomba jipya mimi ni mtu wa shaba, plastiki sina hamu nayo. Na bora kutoboa chini kwa chini kutoka shimo moja hadi lingine kuliko kupasua bustani nzima.

5. Kusafisha mabomba. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi yote. Fundi amekusanya vifaa, maji ni meupe, mama anaweka sufuria jikoni. Ngoja! Siku hiyo ndiyo chembe za risasi zinaweza kuwa nyingi kuliko zamani.

Fungua vile vichujio vidogo vya wavu midomoni mwa mabomba yote. Kikigoma, kifunge kitambaa kilicholowa siki, kiache kwa muda, kisha kizungushe kwa mpira wa kufungulia vifuniko vya chupa, koleo litakwaruza. Bomba la jikoni lenye mpira wa kuvuta huficha wavu ndani ya kichwa, na wengi huusahau. Zima mashine ya barafu ya friji, barafu iliyomo mwaga.

Sasa fungua maji ya baridi tu, hadi mwisho, ukianza ghorofa ya chini kabisa kupanda juu, beseni la kuogea likiwemo. Ya moto usiguse, utavutia uchafu kwenye hita. Yote yakiwa wazi, yaache nusu saa bila kupunguza. Wakati wa kufunga anzia juu. Osha vile vichujio, virudishe. Bili itapanda kidogo, vumilia.

Kama ndani ya kuta kuna mabomba ya chuma ya zamani, kutu yake imeshika risasi ya miaka mingi na huiachia polepole. Kusafisha mara moja hakutoshi. Kwa vyovyote, jagi liendelee miezi 6, na vichujio vya midomoni vikung'utwe mara kwa mara.

6. Pima tena, kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Maji yalale angalau saa 6 bila mtu kufungua bomba wala kuvuta choo, kisha kinga yale ya kwanza kabisa. Safari hii vichujio vya midomoni usivivue: unapima maji vile mnavyoyanywa.