Somo: Kujenga glaida yako na kurudi angani baada ya kupoteza medikali

Habari zenu wadau. Tangu niweke ile picha ya bawa la glaida yangu (ndege inayoteleza angani bila kutegemea injini) likiwa juu ya meza hapa Kiamunyi, Nakuru, inboksi haijatulia, na wengi wanaouliza nilijengaje na nilirudije angani ni marubani wenzangu ama watu walioacha kuruka kwa sababu daktari alisema basi. Sasa naandika yote mahali pamoja. Mimi nilikuwa rubani wa ndege ndogo za kukodi, mshipa wa moyo ukaziba, nikawekewa stenti (kile kibomba cha kuuweka mshipa wazi), medikali ya daraja la 1, yaani cheti cha daktari cha kuruka, ikaenda na kazi ikaenda nayo. Miezi mingi nilikuwa nikisikia ndege natoka nje naiangalia mpaka ipotee upande wa mlima Menengai. Sitaki mtu mwingine akae hivyo akidhani milango yote imefungwa, lakini pia sitaki mtu ajiue kwa sababu alisoma mahali kwamba glaida haina mambo ya daktari.

Hatua ya 1: Jua umepoteza nini hasa

Hapa ndo watu huchanganya. Ile habari ya "glaida haihitaji medikali" ni ya Marekani. Kule sheria inasema rubani wa glaida hahitaji cheti cha daktari, hata glaida iwe na injini ya kujiinua, na hata kama ombi lako la mwisho la medikali lilikataliwa. Kwa zile ndege nyepesi za michezo ambazo wanaruhusu kutumia leseni ya gari badala ya medikali, ukishakataliwa huwezi, lakini glaida unaweza. Ila sheria hiyo hiyo inakukataza kuruka ukijua una hali ya kiafya inayokufanya usiwe salama. Watu hupenda kusoma nusu ya kwanza tu.

Sisi Kenya tuko ndani ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Kiambatisho cha 1 cha ICAO kinataka rubani wa glaida awe na medikali ya daraja la 2. Daraja la 1 ni la rubani wa biashara, na ni kali zaidi. Kwa hivyo swali la kwanza kwa daktari wa usafiri wa anga ni hili: nimeanguka daraja la 1 peke yake, ama hata la 2? Mimi nilikaa mwaka na nusu nikidhani yote yameisha, kumbe hakuna aliyenipima kwa daraja la 2. Nilipopimwa, na ripoti za moyo zikiwa sawa, nikapita. Sisemi utapita. Nasema uliza, na uulize ukiwa na faili yote mkononi bila kuficha kitu.

Kama hata daraja la 2 limekataa, bado unaweza kujenga, na unaweza kupanda kama abiria kwa glaida ya viti viwili na mwalimu akiwa ndiye rubani. Abiria hatafutiwi medikali. Kuna mzee namjua huruka hivyo, na ukimwona akishuka utajua huyu mtu amepata alichokuja kutafuta.

Hatua ya 2: Chagua michoro, kisha nenda KCAA kabla ya kukata ubao

Usichore glaida yako mwenyewe. Chukua michoro ya glaida ambayo tayari imejengwa na kuruka. Mimi nilichagua Woodstock ya Jim Maupin, ya mbao, iliruka mara ya kwanza miaka ya 1970, mabawa karibu mita 11.9, tupu ina kilo kama 106 na uzito wa juu kabisa ni kama 204. Uwiano wake ni kama 24 kwa 1, yaani kwa hewa iliyotulia ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi unateleza kilomita 24. Kwa mipango yangu mimi nahesabu nusu ya hiyo kwa sababu hewa ya kushuka ipo, na huwa haikwambii inakuja. Alichora pia Carbon Dragon, ambayo ni nyepesi zaidi, lakini hiyo inataka mkono uliozoea kaboni.

Ukishapata michoro, enda nayo KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, uwaulize njia ya kusajili na kukaguliwa kabla hujanunua hata msumari. Mtu akikagua boriti ya bawa ikiwa bado wazi anaona gundi. Ukishaifunika plaiwudi hakuna anayeona kitu.

Hatua ya 3: Mbao na gundi

Hapa nitakaa kidogo. Boriti kuu ya bawa, ile wenyewe tunaita spa, ndo imebeba maisha yako. Nyuzi za mbao zinafaa ziende sambamba na ubao, zisikatize zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu, bila fundo, bila utomvu, bila ufa. Mbao inayopendwa ni sprusi ya Sitka, na plaiwudi iwe ya ndege, ya mti wa bachi, siyo ile ya kutengeneza kabati. Nilizunguka mayadi ya mbao Nakuru wiki mbili nikitafuta saiprasi iliyonyooka, nikapata mbao nzuri za kutengeneza meza na vibano, lakini za spa niliagiza. Hapo usibane pesa.

Ukiunga mbao mbili kwa urefu, kata mshazari mrefu wa 12 kwa 1, yaani ubao wa milimita 20 mshazari wake ni milimita 240. Ukikata mfupi kiungo kinakuwa dhaifu.

Gundi nayo ina tabia zake. Ile ya resosino inataka joto la zaidi ya nyuzi 21 na vibano vikaze sawa, epoksi inavumilia zaidi lakini baridi inaichelewesha. Na Nakuru usiku kuna baridi nyie, mtu wa Kisumu hawezi elewa. Nilijenga hema la blanketi juu ya bawa nikaweka balbu ndani na kipimajoto, nikawa naamka usiku kuangalia. Kila ukichanganya gundi, gundisha vipande viwili vidogo pembeni, andika tarehe, kesho yake vivunje na nyundo. Mbao ikipasuka na gundi ibaki imeshika, sawa. Gundi ikiachana na mbao ibaki safi, kila kitu ulichogundisha siku hiyo kitoe. Nilitoa mbavu tisa hivyo siku moja. Niliumia sana, lakini nilizitoa.

Hatua ya 4: Kitambaa na rangi

Kitambaa ni cha poliesta ya ndege, unakibandika halafu unakikaza na pasi, taratibu, kwa joto walilosema wenye kitambaa. Rangi iwe nyeupe, siyo urembo, ni kwa sababu rangi nyeusi kwa jua letu inapasha bawa na epoksi ikipata joto sana inalainika.

Hatua ya 5: Mizani na magunia ya mchanga

Bawa linajaribiwa chini kabla ya kwenda juu. Unaligeuza mgongo chini, unalifunga pale linaposhikana na mwili, unapakia magunia ya mchanga, mengi karibu na shina, pale bawa linapoanzia, na machache kuelekea ncha. Mfano tu wa hesabu: glaida na rubani kilo 200, mabawa yenyewe kilo 60, unataka mzigo wa mara 4. Toa 60 kwa 200 ubaki na 140, mara 4 ni 560. Kwa vile bawa limegeuzwa, uzito wake nao unasaidia kulipinda, toa 60, unabaki na kilo 500 za mchanga, 250 kila upande. Namba zako zitoke kwa michoro yako. Ukitoa mchanga bawa lirudi lilipokuwa. Likibaki limepinda hata kidogo, haliruki.

Halafu pima ndege ukiwa umekaa ndani na nguo zako za kuruka na parashuti, utafute kitovu cha uzito kiko wapi. Kikiwa nyuma sana, pua inainuka na huwezi kuirudisha. Usiseme ni kitu kidogo.

Hatua ya 6: Rudi shule

Saa elfu ngapi za injini hazikufanyi rubani wa glaida. Kwa leseni, ICAO inataka angalau saa 6 kwa glaida, 2 kati yake ukiwa peke yako, na kuruka na kutua mara 20 zikiwa ndani ya hizo za peke yako. Kenya, Mweiga karibu na Nyeri ndiko glaida zimerushwa miaka mingi, na kutoka Nakuru unapita Nyahururu na Ndaragwa na trela yako. Jifunze kwa viti viwili mpaka kamba inayokuvuta juu ikikatika mkono wako wenyewe unasukuma pua chini kabla hujafikiri.

Na kumbuka tuko juu. Nakuru ni kama mita 1,850, na siku ya nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,600 hivi. Mshale wa kasi ukisoma kilomita 70 kwa saa, kwa kweli unaenda karibu 80. Uwanja unaisha haraka.

Hatua ya 7: Kuunganisha na kuruka mara ya kwanza

Glaida inafungwa na kufunguliwa kila ukisafirisha, na hapo ndo watu wenye uzoefu wamefia. Ukimaliza kuunganisha, mtu mmoja ashike aileroni (kile kibao cha nyuma ya bawa cha kulaza ndege upande) kwa nguvu, wewe usukume stiki. Halafu upande wa pili, halafu elevata (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua), halafu usukani wa mkia. Kuangalia kwamba vinasonga haitoshi, lazima kuwe na mkono unaozuia. Mimi mwenyewe nilishaacha pini moja ya aileroni ya kushoto. Ilikuwa inasonga vizuri kabisa ukiiangalia. Kijana aliyeshika akasema "kapteni, hapa sisikii kitu." Tulikaa chini wote wawili hatuongei. Siku hiyo sikuruka.

Mara za kwanza uvutwe polepole uinuke mita moja na kurudi, siku nzima ya hivyo, ndo uende winchi, ile mashine ya kuvuta glaida kwa kamba mpaka ipande. Na kabla ya kupanda jiulize kama umelala, umekula dawa gani, kifua kiko aje. Asubuhi nikiamka na kifua kinanibana hata kidogo siendi, na simuelezi mtu sababu.

MASWALI

Swali, Njoro: Kapteni, bila injini inapandaje kwani?

Jibu: Angalia tai juu ya Menengai saa tano asubuhi, wanazunguka bila kupiga bawa. Jua linapasha mawe na mashamba makavu, hewa moto inainuka kama nguzo, nao wanazunguka ndani yake. Sisi tunafanya hivyo hivyo. Kuna kipimo cha kupanda na kushuka kinacholia, na juu ya kioo kuna uzi wa sufu unaokuonyesha kama unaruka ukiwa umenyooka. Ukiona tai wanazunguka nenda ujiunge nao, na zunguka upande wanaozunguka wao.

Swali, Kakamega: Shikamoo kapteni. Mume wangu alikuwa rubani, sasa anajidunga insulini. Anaweza?

Jibu: Marahaba mama. Hilo ni la daktari wa anga aliyemuona, mimi siwezi kulijibu hapa. Asiruke peke yake bila ruhusa, sukari ikishuka akiwa juu hakuna pa kusimama. Lakini kupanda na mwalimu, na kujenga, mwache aanze hata kesho. Mikono ikipata kazi mtu hulala vizuri, hiyo nimeiona kwangu.

Swali, Eldoret: Boss mimi nina kilo 105, Woodstock itanibeba?

Jibu: Hapana ndugu. Toa 106 kwa 204, inabaki 98, na hapo parashuti bado. Tafuta michoro ya glaida kubwa zaidi, usiongeze uzito kwa hii ukitegemea bahati.

Swali, Kisumu: Nimeona ardhi tambarare Kano, naweza rukia huku badala ya kwenda Mweiga?

Jibu: Uliza ruhusa kwanza kwa sababu ndege za Kisumu zinashuka hapo karibu. Halafu jua hewa ya kwenu. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na hewa ya ziwa ni baridi, inaua zile nguzo za joto karibu na maji. Inasukumwa mpaka milima ya Nandi na Kericho, inakutana na upepo wa mashariki, mawingu yanapanda haraka sana, na mvua ya mawe ya Kericho mnaijua. Ukiruka huko, ruka asubuhi ikichelewa, na saa nane ikifika na upande wa Nandi kumeanza kuwa kweusi, glaida iwe imeshafungwa kwa trela.