Minyoo ya moyo kwa mbwa: piga hesabu kabla ya sindano

Mfugaji wa kuku wa Chanika au Kigamboni hakosi tarehe ya chanjo ya kideri. Mbwa anayemlindia banda usiku kucha hana ratiba yoyote. Hukumbukwa siku anapoanza kukohoa.

Kikohozi kikavu kisichoisha, kuchoka upesi, kukonda na baadaye tumbo kujaa maji ni dalili za minyoo ya moyo, Dirofilaria immitis kwa jina la kitaalamu. Mbu humnyonya mbwa mwenye vijinyoo kwenye damu, na kwa joto la Dar vijinyoo hivyo hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, ugonjwa umehama. Baada ya miezi sita au saba minyoo imekomaa, imejaa kwenye mishipa ya kwenda mapafuni na upande wa kulia wa moyo. Jike hufika sentimita 25 hadi 30 na huweza kuishi miaka mitano hadi saba. Mbwa hawaambukizani kwa kulambana wala kulala pamoja. Bila mbu hakuna maambukizi.

Fedha ya kwanza itoke kwenye kipimo, si kwenye dawa. Homa ya kupe nayo humdhoofisha mbwa, na wapo minyoo wengine wanaoleta kikohozi. Tena, kuona vijinyoo kwenye darubini hakutoshi, kwa sababu Dirofilaria repens, anayekaa chini ya ngozi, naye hutoa vijinyoo vinavyofanana na hivyo, ilhali madhara yake ni madogo sana. Omba kipimo cha antijeni, kinachotumia matone machache ya damu na kutoa jibu kwa dakika chache. Kinamgundua mnyoo jike aliyekomaa tu, kwa hiyo mbwa wa chini ya miezi saba anaweza kuonekana mzima wakati tayari ameambukizwa. Kama daktari wako wa mifugo hana kipimo hicho, ulizia Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, pale Temeke.

Jibu likithibitisha, chukua kalamu. Dawa inayoua minyoo mikubwa ni melasomini, yenye asili ya aseniki, na hupigwa kwa uzito: miligramu 2.5 kwa kila kilo, ndani ya misuli ya kiuno. Sindano ni tatu. Baada ya ya kwanza mbwa hukaa mwezi mzima, kisha hupigwa mbili zilizopishana saa 24. Kichupa kimoja kina miligramu 50, hivyo kwa sindano zote tatu mbwa wa kilo 20 anamaliza vichupa vitatu na wa kilo 40 vichupa sita. Kabla ya hapo kuna doksisaiklini, dawa ya antibayotiki, mara mbili kwa siku kwa siku 28. Kwa mbwa wa kilo 20 ni vidonge vinne vya miligramu 100 kila siku, jumla 112. Ongeza dawa ya kupunguza uvimbe, picha ya kifua na kipimo cha marudio miezi tisa baada ya sindano ya mwisho. Marekani, ambako ugonjwa huu umezoeleka, bili hufika dola 1,000 na zaidi. Hapa kwetu, muulize daktari kwanza kama melasomini inapatikana na itachukua muda gani kufika, kabla hujalipa chochote.

Gharama inayosahaulika ni mapumziko. Minyoo ikifa hukatikakatika na vipande huziba mishipa ya mapafu. Mbwa akikimbia, anaweza kufa wakati matibabu yanaendelea vizuri. Anafungiwa tangu ugonjwa unapothibitishwa hadi wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho. Mbwa wa kufukuza wezi hawezi kutibiwa akiwa kazini, kwa hiyo weka na fungu la mlinzi.

Kinga ni ya kila mwezi na bei yake haifikii hata kidogo hesabu hiyo. Mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki nane. Aliyezidi miezi saba apimwe kwanza. Dar haina msimu wa kupumzisha dawa, maana mbu wapo masika, vuli na katikati yake. Funika karo, mwaga maji ya matairi na ndoo, ziba matundu ya choo cha shimo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za plastiki nyepesi juu ya maji ya vyoo ili mbu wasizaliane, na ilifanya kazi.

Sasa lile linaloniudhi: ivamektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo, kupigwa mbwa kama kinga kwa kukadiria. Ile ya asilimia 1 ina maikrogramu 10,000 kwa mililita. Kinga ya mbwa wa kilo 20 inahitaji maikrogramu 120 tu kwa mwezi. Ukimpiga mililita moja umempa zaidi ya mara 80. Akiwa na damu ya collie, na hata baadhi ya German Shepherd, atayumba, atapofuka, na huenda akazimia asiamke. Mwenye vijinyoo vingi kwenye damu anaweza kupata mshtuko vinapokufa kwa mkupuo. Chupa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe; ya mbwa daktari aipime kwa kilo, baada ya kumpandisha mbwa kwenye mizani.