Kabla ya kuchagua chuo, chagua meza

Ukinipigia simu na kuniuliza, "Mama mdogo, niende UDSM, Mzumbe au IFM kusomea mambo ya fedha?", nitakuuliza kwanza: unataka kukaa meza gani, yaani kufanya kazi gani? Nafanya kazi idara ya mikopo kwenye benki moja hapa Dar, na ghorofa yetu tu ina watu waliosoma vitu tofauti kabisa. Wote mtaani wanaitwa "watu wa benki".

Ukitaka uhasibu au ukaguzi wa hesabu, macho yako yawe kwenye CPA, cheti cha taaluma cha NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi), ambayo mitihani yake mikuu hufanyika Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati. Mwenye shahada nyingine huanzia chini yake, na huko ni kuongeza mitihani na ada wakati wenzako wameshasogea. Kwa hiyo kabla ya kujaza kozi yenye jina tamu, uliza chuo: mhitimu wa kozi hii anaanzia wapi NBAA? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, waulize NBAA wenyewe.

Ukitaka takwimu bima, yaani kukokotoa hatari kwa ajili ya kampuni za bima na mifuko ya hifadhi ya jamii, UDSM wanayo na IFM wanayo. Hapo ni hisabati tupu. Mtoto wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) aliyeipenda hisabati atakaa vizuri. Wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) aliyeponea BAM, ile hisabati ya msingi, kwa tundu la sindano asijitese.

Mikopo, hazina (kusimamia fedha za benki yenyewe) na biashara ya hatifungani (hati za mkopo za serikali na kampuni) ni sehemu zenye mlango mpana zaidi. Nimeona wa benki na fedha, wa uchumi, hata wa takwimu. Hapa jina la shahada lina uzito mdogo kuliko watoto wanavyodhani. Kwenye usaili mmoja tulimpa kila mwombaji karatasi ya mama mwenye duka la nguo Kariakoo: mauzo milioni 9 kwa mwezi, anaomba mkopo, je, anaweza kurejesha milioni 1 kila mwezi? Kijana mwenye GPA ya kung'aa aliandika ndiyo, tena bila jasho, maana milioni 1 ni kidogo kwenye 9. Binti mwenye GPA ya kawaida tu akauliza nguo zenyewe zinanunuliwa kwa shilingi ngapi. Milioni 7. Pango? Laki 6. Msaidizi? Laki 2 na nusu. Ikabaki milioni 1 na laki 1 na nusu, na hapo hujagusa kodi ya TRA, chakula cha nyumbani wala ada za watoto. Akaandika hapana, akapendekeza mkopo mdogo zaidi. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, akasema fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya chuo, kwenye SACCOS ya wilaya yao, alikoshinda akipitia mafaili ya wakopaji.

Tangu hapo kitu ninachokichimba sana kwa kila chuo ni fildi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, usimuulize kama chuo ni kizuri, maana kila mtu husifia kwao. Muulize: fildi ulienda wapi, nani alikutafutia, ulipewa kazi gani? Kama alikuwa anatoa fotokopi wiki zote, na wenzake pia, umeshapata jibu. Muulize pia kama wanafanya Excel wenyewe kwenye kompyuta au wanaisoma kwenye makaratasi.

Mahali pana maana yake pia. IFM ipo Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji, benki na kampuni za bima unazifikia kwa miguu. Ila Dar inakula hela, na bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, lina tabia ya kuisha kabla ya semesta. Mzumbe ipo nje kidogo ya mji wa Morogoro, maisha ni nafuu na kuna utulivu wa kusoma, lakini fildi utaifuata mbali. IAA, Chuo cha Uhasibu Arusha, ipo Njiro. Kama una shangazi huko wa kukupa chumba, hilo ni jambo la kuhesabu kwa shilingi kabisa, usione aibu. Vyuo binafsi sivikatai, ila jumlisha ada ya miaka yote mitatu.

Baada ya hapo ndipo ufungue mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Hakikisha kozi yako imo humo, soma masomo wanayotaka, na uangalie nafasi zilizopo. Kima cha chini cha jumla ni principal (ufaulu kamili wa somo kidato cha sita) mbili zenye pointi 4, lakini kozi nyingi zinadai zaidi. Maombi unayatuma chuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unathibitisha kimoja kwa namba utakayotumiwa kwenye simu. Tumia laini yako mwenyewe, siyo ya mwenye steshenari.

Na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, una dirisha lake, usiusubiri udahili ukamilike. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa hiyo anza nacho wiki hii, hasa kama jina la kwenye cheti halifanani na la kwenye matokeo.