Somo: Waleti ya tyubu bovu la Canter na mwavuli uliovunjika, hatua kwa hatua

Wakuu habari za saa hizi. Kuna watu waliniomba somo hili nikawa nawazungusha, leo nimepata nafasi naliandika lote. Nilianza kushona hizi waleti baada ya kununua moja ya ngozi bandia, miezi minne tu ikaanza kubanduka ganda jeusi likawa linabaki kwenye noti na mfukoni, iliniuma sana kwa sababu pesa yenyewe nilijibana. Hii ninayotembea nayo sa hivi ina mwaka wa tatu, imelowa mvua, imekaliwa, imeanguka kwenye tope, na mshono bado ule ule.

Mali ghafi: magari madogo mengi siku hizi ni tyubulesi, yaani tairi hazina tyubu ndani, kwa hiyo usihangaike nayo, nenda kwa fundi pancha anayehudumia malori. Mimi niko Morogoro, pale Msamvu barabara ya Dodoma na ya Iringa zinapoachana malori hayaishi, tyubu mbovu zimejaa. Omba la Canter, lile lori dogo. La semi, yale malori makubwa ya tela, ni nene mno, ukilikunja waleti inakaa mfukoni kama tofali, na la pikipiki ni jembamba na limejikunja sana, halilali. Chagua sehemu iliyo mbali na valvu na isiyo na kiraka.

Vingine: mwavuli mbovu (kile kitambaa ndo tunakitaka), uzi wa nailoni wa mafundi viatu, sindano mbili za mkono, msumari mwembamba uliochongoka, rula, wembe au mkasi mkali, kitana, vibanio vya nguo, msasa, solusheni ya pancha na kiberiti.

Kwanza usafi. Pasua tyubu, utakuta ndani unga mweupe, ule usipotoka solusheni haishiki hata ufanyeje. Osha na sabuni ya unga na brashi mara tatu, anika KIVULINI siku mbili. Jua linakausha mpira unaanza kupasuka vistari vistari.

Vipimo. Kadi ya benki, na ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ni saizi hiyo hiyo, ina milimita 85.6 kwa 54, hiyo haibadiliki. Noti pima mwenyewe hiyo elfu kumi yako uhakikishe inaingia. Mimi nakata hivi:

Mpira wa nje, sm 22 kwa 10, kipande kimoja.
Ukuta wa ndani, mwavuli, sm 21.2 kwa 10, ukipinda sm 1 juu unabaki 9.
Vifuko vya kadi, mwavuli, vipande vinne vya sm 10.2 kwa 6, navyo pinda sm 1 juu vibaki 5.

Kona za mpira zizungushe kwa kufuata sarafu, usiache kona kali, ndo zinaanza kunyanyuka. Na usifanye vifuko vya kadi kwa mpira! Mpira unang'ang'ania kadi, utasimama dirishani watu wanakusubiri nyuma wewe unavuta. Kingo za mwavuli zilizokatwa zipitishie moto wa kiberiti kwa mbali ziyeyuke kidogo, zisichambuke.

Umeona ukuta wa ndani ni mfupi kuliko mpira kwa milimita 8? Watu wengi wanakata sawasawa, halafu waleti ikikunjwa kitambaa cha ndani kinajikunyata, kinasukuma mshono kila siku mpaka unakatika. Kilicho ndani ya mkunjo lazima kiwe kifupi, hapo ndo uimara ulipo kuliko hata unene wa mpira.

Sasa vifuko. Kila upande wa ukuta vinakaa viwili. Cha nyuma kishone sm 2 juu ya ukingo wa chini, cha mbele kikae chini kabisa, hivyo kadi mbili zinapishana na zote unaziona vichwa. Shona upande unaoelekea katikati, pamoja na kitako cha kile cha nyuma. Upande wa nje na chini ya kile cha mbele acha, vitaungana na mpira mwishoni.

Kuunganisha: piga msasa ukingo wa mpira kwa ndani, paka solusheni nyembamba, subiri mpaka ukigusa hainati kidoleni ndo ubandike ukuta. Solusheni haishiki mwavuli sawasawa, kazi yake ni kutuliza tu mpaka ushone. Bana na vibanio. Ule ukuta mfupi utafanya waleti ijikunje yenyewe kidogo, usiilazimishe kulala.

Kutoboa: weka kitana milimita 5 kutoka ukingoni, weka alama kila jino la pili, tundu ziachane kama milimita 4. Ukizisogeza karibu unautengenezea mpira mstari wa kuchanikia, kama zile tiketi za kuchana. Toboa zote kwanza. Shona upande wa kushoto kuanzia juu, shuka, pinda kona, fuata chini, ACHA sentimita moja kabla ya mkunjo wa katikati. Fanya hivyo kulia. Pale katikati chini pasishonwe.

Mshono ni uzi mmoja sindano mbili, kila mwisho wa uzi una sindano yake, zote zinapita tundu moja zikipishana. Ukikatika sehemu moja kwingine hakufumuki. Uzi ukate mara nne ya urefu wa mshono. Vuta mpaka ulale tu, ukivuta kwa hasira unakata mpira. Maliza kwa kurudi tundu tatu nyuma, kata, choma ncha huku umeziba mpira na kipande cha bati.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu nina cherehani ya kawaida ya kukanyaga, inashona hii?
Jibu: Inashona, weka sindano namba 16 au 18 na hatua ndefu ya mshono. Mpira utagoma kusogea chini ya mguu wa cherehani, weka karatasi juu na chini ushone nayo, ukimaliza unaichana inatoka.

Mdau: Yangu inanuka mpira mpaka wife analalamika.
Jibu: Pole kaka. Hukuosha vya kutosha. Osha tena, itundike sehemu ya upepo wiki nzima, harufu inapungua sana ila kwa mbali itabaki.

Mdau: Naweza kuipaka mafuta ya mgando ing'ae?
Jibu: Hapana dada yangu, hata kiwi ya viatu usipake. Mafuta yanauvimbisha mpira unalegea na tundu za uzi zinapanuka. Nunua glisirini duka la dawa, tone dogo kwenye kitambaa, futa.

Mdau: Niko Nakuru, huku tyubu za lori tunapata lakini mwavuli sina, nitumie gunia la mchele?
Jibu: Karibu ndugu. Gunia linachambuka nyuzi pale pale mkunjo unapopita, nilijaribu likaisha mapema. Tafuta koti la mvua lililochanika au begi la shule bovu, ile bitana ya ndani.

Mdau: Sarafu je? Zangu zinamwagika pale katikati ulipoacha wazi.
Jibu: Kweli, hii ni ya noti na kadi. Ukitaka ya sarafu chukua zipu ya suruali iliyochoka, ishone kwenye kifuko cha mwavuli cha sm 9 kwa 7 kilichofungwa pande zote, ukibandike upande mmoja badala ya vifuko viwili vya kadi. Fanya hivyo kabla hujaunganisha na mpira, baadaye mkono hauingii.