Kurekodi densi ya omo ya Pacu Jalur kwa simu

Video za mtoto anayecheza kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, ya mtumbwi mrefu, miwani ya jua usoni, zilizagaa duniani katikati ya 2025. Chimbuko lake ni Pacu Jalur, mashindano ya mitumbwi kwenye Mto Kuantan, wilaya ya Kuantan Singingi, mkoa wa Riau, kisiwani Sumatra, Indonesia. Wengi wanaoiga hukazania mikono na kusahau kinachoibeba video: mwili uliotulia juu ya chombo kinachokwenda mbio.

Mchezaji huyo huitwa tukang tari. Huwa mtoto kwa kuwa ni mwepesi, omo haizami. Kule tezini, nyuma ya mtumbwi, husimama tukang onjai, anayeutikisa mtumbwi kwa mdundo ili wapiga kafi, ambao hufika 40 na zaidi, wavute pamoja.

Anzeni nchi kavu. Laza ubao wenye upana wa sentimita 20 juu ya nyasi, kisha ketisha watu sita nyuma yake kwa safu mbili, kila mmoja na fimbo. Anayehesabu akae nyuma kabisa na apaze sauti, maana wa mbele hawawaoni wenzao na ndio huchelewa. Sauti yake mtaifuta baadaye.

Mchezaji asimame juu ya ubao, atangulize mguu mmoja, magoti yalegee kidogo. Akiyakaza, kila mtikisiko hupanda mabegani na ataonekana anaanguka. Azungushe ngumi mbele ya kifua kwa hesabu 4, afagie hewa kwa mkono mmoja, kiganja chini, kwa hesabu 4 nyingine, kisha arushe busu kushoto na kulia. Asiunganishe mjongeo na mwingine kabla ule wa kwanza haujaisha. Haraka ndiyo huharibu kazi. Asicheke, na macho yatazame mbali kupita kamera. Hili ni gumu kuliko mikono yote.

Simu isimame wima, kimo cha goti la mchezaji, umbali wa mita 3, pembeni kidogo ili safu ya wapiga kafi ionekane. Tumia lenzi ya kawaida, 1x. Ile pana ya 0.5x huikuza omo na kuwafanya walio nyuma waonekane wadogo mno. Rekodi fremu 60 kwa sekunde ikiwa utapunguza kasi, vinginevyo 30 zatosha. Majini, bonyeza uso wa mchezaji kwenye skrini hadi fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo mng'ao wa maji utamgeuza kivuli.

Muziki upigwe wakati wa kurekodi ili kushika mwendo, lakini kwenye video uwekwe upya kutoka maktaba ya programu yenyewe. Wimbo wa rapa Melly Mike ulioambatana na klipu hizo unaweza usipatikane kwa akaunti za biashara, na video ikanyamazishwa. Kata mwanzo: fremu ya kwanza iukute mkono umeshaanza kuzunguka. Kwenye maelezo andika Pacu Jalur na Kuantan Singingi, kwani nakala nyingi huacha mahali densi ilikotoka.

Mkihamia mtoni, mchezaji avae jaketi la kuokolea, ajue kuogelea, na chombo cha pili kiwe karibu. Omo iliyolowa huteleza hata kwa aliyezoea.