Kumtambua Tirthankara kwenye Mawe ya Deogarh

Kilimani juu ya mto Betwa, wilaya ya Lalitpur huko Uttar Pradesh, kijiji cha Deogarh kina mahekalu 31 ya Kijaini. Vipande vingi vya sanamu vimepachikwa ukutani, na nyuso karibu zote zinafanana. Kwa hiyo usihangaike na uso.

Kwanza hakikisha si Buddha. Tirthankara, yaani mmoja wa walimu wakuu 24 wa dini ya Kijaini, ana mikao miwili tu: amesimama wima, mikono imening'inia bila kugusa mapaja, au ameketi, miguu imekunjwa na viganja vimepakatwa. Mkono ulioinuliwa au unaogusa ardhi si wake. Tafuta pindo la vazi begani na kwenye kifundo cha mkono. Likiwepo, huyo ni Buddha. Kifuani mwa Tirthankara kwa kawaida kuna alama ndogo kama ua, iitwayo srivatsa.

Sasa inama utazame kitako, yaani msingi wa sanamu. Katikati huchongwa mnyama au kitu kinachotaja jina: fahali ni Rishabhanatha, tembo Ajitanatha, swala Shantinatha, kome la kupulizwa Neminatha, simba Mahavira. Hapa ndipo wengi hukosea. Simba wawili walio pembeni ni miguu ya kiti cha enzi, na karibu kila Tirthankara anacho. Ukiwafuata hao, kila sanamu itakuwa Mahavira! Simba anayehesabika ni yule mdogo wa katikati.

Alama ikiwa imelika, usiitazame kwa mwanga wa mbele. Shika tochi ubavuni, karibu na jiwe, mwanga ulale juu yake. Kivuli kitaonyesha pembe au mkonga usioonekana adhuhuri.

Kitako kikiwa kimepotea, panda juu. Nywele zilizoshuka mabegani humwelekea Rishabhanatha, lakini usiamue kwa nywele peke yake. Vichwa vya fira juu ya kichwa ni ushahidi mzuri zaidi: saba ni Parshvanatha, vitano kwa kawaida ni Suparshvanatha. Vikivunjika upande mmoja, hesabu vilivyobaki upande wa pili, zidisha kwa mbili, ongeza kile cha katikati. Vitatu vikibaki, basi vilikuwa saba.

Mwenye mimea inayotambaa miguuni ni Bahubali, mtakatifu mwingine wa Kijaini. Hayumo kati ya wale 24, hivyo usipoteze muda kutafuta alama yake.

Usipake chaki, mafuta wala maji ili mchoro uonekane. Chaki huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na mafuta hunasa vumbi. Isitoshe, sheria ya India ya majengo na maeneo ya kale ya 1958, baada ya marekebisho ya 2010, inaadhibu uharibifu kwa kifungo hadi miaka 2 au faini hadi rupia 100,000, au vyote viwili. Kipande kilicholegea kiache kilipo, kipige picha pamoja na ukuta wake, kisha mwonyeshe mlinzi.