Pima spika kwa sauti ya mtu unayemfahamu
Anayetoka Tabora kwenda Dar es Salaam kununua spika za bei kubwa asitegemee muziki wa majaribio wa muuzaji, kwa kuwa huo huchaguliwa upendeze kwenye spika yoyote; abebe sauti ya mtu atakayeandamana naye. Mrekodi akizungumza nje, chini ya mwembe, mbali na kuta, siku isiyo na upepo (ujumbe wa sauti wa simu haufai, maana hubanwa ili faili liwe dogo, na sehemu ya sauti hupotea). Dukani msimamishe kando ya spika moja azungumze, kisha cheza rekodi yake kwa ukubwa uleule wa sauti, kwani ukiizidisha, hata spika nzuri itamfanya asikike mzito kifuani. Sikio limeizoea sauti ya binadamu kuliko ala yoyote, hivyo hung'amua mara moja spika inayosemea puani au inayopiga mluzi kwenye herufi s. Halafu toka hadi chumba cha pili: ukiendelea kudhani ni mtu anaongea, spika hiyo husambaza sauti vizuri hata pembeni. Kipimo hiki hakifai kwa besi, kwa sababu sauti ya mazungumzo haishuki sana chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), na besi hutegemea mno vipimo vya chumba chako mwenyewe.